Kumtafuta Askari wa Ukoo Wako Kentucky: Mwongozo Kamili, Kuanzia kwa Bibi Hadi Jiwe la Kaburi

Kentucky si ugenini tena kwa wasema Kiswahili. Lexington na Louisville utakisikia kwenye foleni ya dukani, kanisani Jumapili, hata pembeni ya uwanja watoto wanapocheza mpira. Wengi tumetoka Kongo, wengine Burundi, Tanzania na Kenya. Baadhi yetu tumeoa au kuolewa na watu wa hapa, na watoto wetu wana koo za pande mbili. Upande wa kwetu hutajiwa mababu kila penye harusi na kila penye msiba. Upande wa pili, hasa kama ni familia nyeusi ya Kentucky, majina hufika kwa mama yake bibi, kisha yanakatika. Mara nyingi pale yanapokatika ndipo alipo askari.

Mwongozo huu ni wa kumfikia askari huyo, mtu aliyepigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, na kumpatia jiwe kama kaburi lake halina. Nitasema mapema jambo ambalo watafutaji wengi hulijua wakiwa wameshachoka: usianze na askari, anza na mjane wake. Karatasi za askari zinakupa urefu wake na siku alizolala hospitali. Karatasi za mjane zinakupa siku ya ndoa, mashahidi, watoto kwa majina na tarehe, na bwana aliyewamiliki kila mmoja wao. Serikali ilimhoji mjane kwa sababu alikuwa anaomba hela, na karani wa hela huuliza maswali mengi kuliko karani wa vita.

Kabla ya yote: lijue jimbo

Kentucky lilikuwa jimbo la utumwa lililobaki ndani ya Muungano, yaani upande wa serikali ya Marekani, uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Mei 1861 lilitangaza kwamba halina upande. Septemba mwaka huohuo jeshi la Kusini likaingia mji wa Columbus ulio kando ya mto Mississippi, na msimamo huo ukafa. Wanaume weupe waligawanyika ndugu kwa ndugu, walio wengi wakaenda Muungano. Abraham Lincoln na Jefferson Davis, marais wa pande mbili zilizopigana, wote walizaliwa Kentucky, wakipishana kwa chini ya mwaka mmoja.

Tangazo la uhuru la Lincoln la Januari 1863 halikuigusa Kentucky, kwa kuwa lilihusu sehemu zilizoasi tu. Mlango mpana uliobaki kwa mtumwa ulikuwa jeshi. Kufikia kiangazi cha 1864 aliweza kujiandikisha hata bwana wake akikataa, na akishapokelewa alikuwa huru. Wanaume weusi 23,703 wa Kentucky wamehesabiwa katika United States Colored Troops, vikosi vya askari weusi vya Muungano, ambavyo humu nitaviita USCT. Ni Louisiana pekee iliyotoa zaidi. Zaidi ya 10,000 kati yao walipitia Camp Nelson, kambi kubwa iliyoko kaunti ya Jessamine, kusini mwa Lexington. Wake na watoto wao walibaki watumwa hadi Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuwaweka huru, 3 Machi 1865. Wengine wote wa Kentucky walisubiri Desemba 1865, Badiliko la 13 la Katiba lilipoanza kazi. Jimbo lenyewe liliridhia badiliko hilo mwaka 1976. Ndiyo, 1976.

Historia hii ndiyo inayokuonyesha karatasi ziko wapi. Kabla ya kujiandikisha, babu yumo kwenye karatasi za bwana wake, kama mali. Baada ya hapo yumo kwenye karatasi za jeshi, ana jina na ana umri.

Hatua ya 1: Kaa na wazee, uliza kuhusu wanawake

Nenda kwa mkubwa wa familia aliye hai. Usimwingilie kwa swali la "babu yetu alipigana vita gani?" Atakujibu hajui, na kwa kweli hajui. Askari aliyezaliwa 1845 alikuwa babu wa babu yake. Muulize mambo aliyoyaona: bibi yake aliishi nyumba ipi, alisali kanisa gani, alizikwa wapi, nani alimlea, walihama kaunti gani. Mwulize kama kuna mwanamke yeyote katika ukoo aliyekuwa "akipata hela za serikali" kila mwezi kabla ya siku za Social Security. Huo ni mkia wa pensheni ya jeshi, na ukiushika usiuachie.

Kisha omba kuona vitu. Biblia ya familia yenye kurasa za vizazi na vifo. Vijitabu vya mazishi, ambavyo familia nyeusi za hapa huvitunza kwa miaka mingi ndani ya droo au sanduku la viatu. Kijitabu kimoja cha mwaka 1958 kinaweza kutaja ndugu wanane wa marehemu na miji wanakoishi. Picha ya mzee aliyevaa nyota ya shaba yenye ncha tano, inayoning'inia kwenye utepe wa bendera: hiyo ni medali ya Grand Army of the Republic, chama cha maaskari wastaafu wa Muungano kilichoanzishwa 1866. Ukiiona kifuani mwake, nusu ya kazi imekwisha.

Wapo wazee wasiotaka kuzungumza habari za utumwa. Usiwasukume na usiwarekodi kwa siri. Uliza habari za chakula, shamba na kwaya; majina yatatoka yenyewe.

Hatua ya 2: Rudi nyuma kizazi kwa kizazi, bila kuruka

Kishawishi kikubwa ni kuona jina linalofanana kwenye orodha ya askari na kulibeba. Usilibebe. Anza na cheti cha kifo cha mtu unayemjua. Kentucky ilianza kuandika vifo kwa jimbo zima mwaka 1911, na vyeti vya zaidi ya miaka 50 viko wazi kwa umma. Vingi vinasomeka bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafutia koo. Cheti hutaja baba na mama wa marehemu, japo hutegemea nani alitoa habari. Mkwe aliyefiwa jana hukosea majina ya wazee wa mkewe.

Kutoka hapo panda kwenye sensa: 1910, 1900, 1880, 1870. Katika sensa ya 1910 kuna safu ya 30, karibu na mwisho upande wa kulia, ambayo watu huiruka. Karani aliandika hapo herufi mbili: UA kwa aliyekuwa jeshi la nchi kavu la Muungano, UN kwa wanamaji wake, CA na CN kwa wale wa Kusini. Babu mwenye miaka 66, mkulima, kaunti ya Madison, na UA karibu na mwisho wa mstari: umempata akiwa hai, pamoja na mke wake, idadi ya watoto aliozaa mkewe na waliobaki hai.

Mwaka 1890 ni pengo. Sensa yenyewe iliharibiwa na moto Washington Januari 1921. Palikuwa na orodha ya pekee ya maaskari wa Muungano na wajane wao ya mwaka huo, lakini za majimbo kuanzia Alabama hadi Kansas zimepotea, na Kentucky imekatika katikati: takriban nusu ipo, nusu haipo. Angalia kama kaunti yako imo kwenye iliyobaki kabla ya kukata tamaa.

Sensa ya 1870 ni ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Nyuma yake kuna ukuta, na nitaurudia baadaye.

Hatua ya 3: Tafuta jina kwenye orodha za maaskari

Idara ya mbuga za taifa ya Marekani ina hazina ya bure mtandaoni iitwayo Soldiers and Sailors Database. Ina majina ya pande zote mbili, zaidi ya milioni 6, pamoja na historia fupi ya kila rejimenti. Weka jina, chagua Kentucky au USCT, na ujiandae kuona watu kumi wenye jina moja. Hapa ndipo kaunti ya nyumbani inapokuokoa. Rejimenti zilizoundwa Camp Nelson ni pamoja na askari wa farasi wa 5 na wa 6, wa mizinga mizito wa 12 na wa 13, na wa miguu wa 114, 116, 119 na 124. Kama familia ni ya kaunti za katikati ya jimbo, anza na hao.

Jaribu tahajia zote. Karani mzungu aliandika alivyosikia, na askari wengi hawakujua kusoma ili kumsahihisha. Pia wengi waliandikishwa kwa jina la ukoo la bwana, kisha vita vilipokwisha wakachukua jina la baba yao au jina walilolitaka wenyewe. Mtu mmoja, majina mawili, na ndugu wa tumbo moja wenye majina ya ukoo tofauti kwa sababu waliuzwa mashamba tofauti.

Kama upande wako ni wa Wazungu, kazi ni nyepesi zaidi. Ripoti za mkuu wa utawala wa jeshi wa Kentucky zina orodha za wa Muungano na za wa Kusini, na maktaba kubwa za jimbo zinazo. Waliopigania Kusini hawakupewa pensheni na serikali ya Marekani. Jimbo la Kentucky lenyewe lilianza kuwalipa kwa sheria ya 1912, na maombi yao yamehifadhiwa Frankfort, mji mkuu wa jimbo, kwenye Kentucky Department for Libraries and Archives, hifadhi ya nyaraka ya jimbo.

Hatua ya 4: Soma karatasi za utumishi

Kila askari wa kujitolea ana bahasha ya kadi. Kadi hizo zilinakiliwa na makarani wa wizara ya vita miaka mingi baada ya vita, kutoka kwenye orodha za ukaguzi za kila kombania, yaani kikosi kidogo ndani ya rejimenti. Za USCT ziko Fold3, tovuti ya kulipia, lakini maktaba nyingi za umma na vyumba vya kusomea vya National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa, hukuruhusu kuitumia bure. Central Library ya Lexington ina chumba kizima cha mambo ya Kentucky. Anzia hapo kabla ya kutoa kadi ya benki. Nakala za karatasi huombwa National Archives kwa fomu NATF 86.

Kadi ya kwanza ndiyo ya wasifu: umri, urefu kwa futi na inchi, rangi ya ngozi, macho na nywele, mahali pa kuzaliwa, kazi, siku na mahali alipojiandikisha, muda wa miaka 3. Chini kuna nafasi ya maelezo, na hapo kwa askari wa Kentucky mara nyingi limeandikwa jina la bwana wake na kaunti yake. Liandike kwenye daftari lako kwa herufi kubwa. Utalihitaji.

Kadi zinazofuata husema "yupo" au "hayupo" kwa kila miezi miwili, na sababu. Soma sababu. Ukiona ametoweka vitani Saltville, Virginia, 2 Oktoba 1864, jua kwamba baada ya mapigano hayo majeruhi weusi wa kikosi cha farasi cha 5 waliuawa wakiwa wamelala chini na hata kwenye vitanda vya hospitali. Ukiona ameuawa Simpsonville 25 Januari 1865, ni wale wa kombania E ya kikosi hichohicho waliokuwa wakiswaga ng'ombe kwenda Louisville, walikufa 22. Kama karatasi zinaendelea hadi 1866 na zinataja Texas, usidhani umekosea mtu. Rejimenti kadhaa za Kentucky zilipelekwa mpaka wa Rio Grande baada ya Kusini kusalimu amri, na huko kiseyeye kiliwaangusha wengi ambao risasi iliwakosa.

Neno "mtoro" nalo lisikutishe. Wapo walioondoka usiku mmoja kwenda kuangalia mke aliyeachwa shambani kwa bwana mwenye hasira.

Ndani ya bahasha za majimbo ya mpakani, yale ya utumwa yaliyobaki ndani ya Muungano kama Kentucky, kuna karatasi moja ambayo ukiipata, kaa chini. Sheria ya Februari 1864 ilimruhusu bwana aliye mtiifu kwa Muungano kudai fidia ya hadi dola 300 kwa mtumwa wake aliyejiunga na jeshi. Ili alipwe alitakiwa aape utiifu na athibitishe umiliki. Kwa hiyo akaandika: huyu nilimpata kwa urithi wa baba mkwe wangu, mwaka fulani, kaunti fulani, au, mama yake alikuwa mali yangu na yeye alizaliwa kwangu. Bwana alikuwa anadai hela zake tu. Wewe unasoma jina la bibi wa kizazi cha sita.

Hatua ya 5: Jalada la pensheni, na hapa usifanye haraka

Kama una hela za kununua kitu kimoja tu katika safari hii yote, nunua hiki.

Kwanza tafuta kadi ya faharasa ya pensheni. Zipo bure FamilySearch, zimepangwa kwa majina. Kadi ni ndogo lakini imejaa: jina la askari na majina yake mengine, rejimenti na kombania, kisha mistari ya mwombaji: askari mwenyewe, mjane, mtoto mdogo, au mama. Kila mstari una tarehe, namba ya ombi na, kama alikubaliwa, namba ya hati. Ombi lisilo na namba ya hati ni ombi lililokataliwa, na jalada lake pia limehifadhiwa. Yaliyokataliwa huwa manene zaidi, kwa sababu familia iliendelea kuleta mashahidi.

Agiza jalada lote kwa fomu NATF 85. Kwa miaka ya karibuni bei imekuwa dola 80 kwa jalada lenye hadi kurasa 100, na dola 30 kwa karatasi za utumishi za hatua iliyotangulia; hakikisha bei ya sasa kabla ya kulipa. Ukiwa na mtu Washington, anaweza kulipiga picha mwenyewe bila gharama hiyo. Majalada mengi ya pensheni hayako mtandaoni, usipoteze wiki kuyatafuta huko. Kadi ikiwa na herufi XC, pensheni iliendelea hadi karne ya 20 na jalada laweza kuwa limehifadhiwa kwingine. Itaje namba hiyo unapoomba.

Utakuta nini ndani? Mjane wa askari wa kawaida alipewa dola 8 kwa mwezi kwa sheria ya 1862, na ili azipate alitakiwa athibitishe ndoa. Lakini ndoa za watumwa hazikuwa na cheti. Serikali ikakubali viapo: waliowaona wakiishi kama mume na mke, mkunga aliyezalisha, mhubiri, wakati mwingine familia ya bwana wa zamani. Mwanamke ambaye hakuwahi kuruhusiwa kusaini chochote anasimama mbele ya karani, anaeleza maisha yake yote, kisha anaweka alama ya X, na mashahidi wawili wanatia saini kando yake. Baada ya sheria ya 1890 kulegeza masharti, wapelelezi wa pensheni walizunguka kaunti hadi kaunti wakiuliza: ulizaliwa wapi, mabwana wako walikuwa nani, majina yako mengine ni yapi, nani wengine walikuwa watumwa shamba lile. Kuna pia fomu ya 1898 ambayo askari alijaza ndoa zake na majina ya watoto wote walio hai na tarehe zao za kuzaliwa. Ukurasa huo mmoja unaweza kuunganisha familia nzima.

Soma pia majalada ya wenzake. Mashahidi walikuwa mara nyingi wa kombania moja, kwa kuwa vijana wa mashamba jirani walitoroka pamoja usiku mmoja na kuandikishwa asubuhi moja. Babu yako huenda hakupata pensheni, lakini alikwenda kumtolea ushahidi rafiki yake na akaeleza habari zake mwenyewe humo. Faharasa ya pili, iliyopangwa kwa rejimenti na kombania, ndiyo ya kazi hii.

Tahadhari: karatasi hizi zinauma. Novemba 1864, kwenye baridi kali, kamanda wa Camp Nelson aliwafukuza kambini wanawake na watoto wapatao 400, familia za askari walewale waliokuwa wakimlinda. Zaidi ya 100 walikufa. Joseph Miller wa rejimenti ya 124 alitoa kiapo kinachosomeka hadi leo: mwanawe mgonjwa alipakiwa kwenye gari na kuondolewa, usiku baba akatembea hadi Nicholasville, akamkuta amekufa, akarudi kambini usiku uleule kwa kuwa alikuwa zamu ya jeshi, kesho yake akaenda tena, akachimba kaburi mwenyewe na kumzika. Wiki chache baadaye mke na watoto waliobaki nao walikufa, kisha naye. Kelele iliyotokana na viapo vya namna hiyo ndiyo iliyosukuma ile sheria ya Machi 1865. Kama unasoma na watoto, wewe tangulia kusoma.

Hatua ya 6: Kuvuka ukuta wa 1870

Sasa unalo jina la bwana, na ndilo ufunguo. Nenda kwa karani wa kaunti, ama mtandaoni ama kwa miguu, utafute wosia, orodha za mirathi na hati za mauzo za familia ile. Watumwa hutajwa humo kwa jina la kwanza, umri na thamani ya dola, baina ya farasi na vitanda. Sensa za watumwa za 1850 na 1860 hazina majina, zina umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana. Zitumie kuthibitisha, si kugundua. Kati ya 1852 na 1861 Kentucky iliandikisha vizazi na vifo, na watoto wa watumwa wamo, wakiwa na jina la mmiliki.

Muda mfupi baada ya vita kuna hazina mbili. Kwa sheria ya 1866, wanandoa waliokuwa watumwa waliweza kwenda kwa karani wa kaunti na kutangaza ndoa yao. Vitabu hivyo vipo kwa kaunti nyingi. Na kuna Freedman's Bank, benki ya walioachwa huru, iliyofunguliwa 1865 na kufilisika 1874, ambayo ilikuwa na matawi Lexington na Louisville. Benki ilikula akiba za watu, lakini vitabu vyake vya wateja vimebaki: mwenye akaunti alitaja wazazi, ndugu, mke, watoto, na mara nyingine rejimenti na bwana wa zamani. Vyote viko FamilySearch bure, pamoja na nyaraka za Freedmen's Bureau, idara ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru. Shirika la Reckoning, Inc. la Louisville nalo hukusanya habari za askari weusi wa Kentucky na familia zao. Watazame kabla ya kurudia kazi iliyokwisha kufanywa.

Hatua ya 7: Kaburi

Tafuta kwanza kwenye Nationwide Gravesite Locator ya idara ya wastaafu wa jeshi (VA), kisha Find a Grave, tovuti ya makaburi. Waliokufa wakiwa kambini huenda wapo Camp Nelson National Cemetery. Waliorudi nyumbani wapo kwenye makaburi ya makanisa, mashambani, au sehemu kama African Cemetery No. 2 ya Lexington. Frankfort, kwenye makaburi ya Green Hill, kuna mnara wa 1924 wenye majina 142 ya askari weusi wa kaunti za katikati; upitie hata kama hudhani babu yumo.

Kama kaburi halina alama, serikali hutoa jiwe bure. Jaza VA Form 40-1330, uambatanishe nakala ya karatasi za utumishi. Zamani ombi lilitakiwa litoke kwa ndugu wa karibu wa damu, na maombi mengi yalikwama. Tangu 2016, kwa askari ambao utumishi wao uliisha kabla ya 6 Aprili 1917, mtu yeyote anaweza kuomba. Mkwe pia, jirani pia. Fomu inahitaji sahihi ya msimamizi wa makaburi. Kama ni shamba la mtu, zungumza na mwenye ardhi kwanza, na uende na mzee wa familia. Chagua jiwe la marumaru la kusimama, lenye ngao iliyochongwa, ndilo la vita vile. Jina litakalochongwa lilingane na la karatasi za jeshi. Kama familia inamjua kwa jina jingine, ambatanisha ule ukurasa wa pensheni unaoyataja yote mawili.

Jiwe huletwa bure hadi mahali penye mtu wa kulipokea mchana. Omba kampuni ya mazishi ikupokelee. Lina uzito wa zaidi ya kilo 100 na urefu wa zaidi ya mita moja, kwa hiyo tafuta vijana wanne na toroli imara. Gharama za kulisimamisha ni zako. Chimba shimo jembamba, tandaza kokoto chini, liache juu ya ardhi kama sentimita 60, halafu shindilia udongo na kokoto pande zote ukipima kwa pima-maji. Usimwage zege: jiwe litapasuka baridi ikibana. Likishika ukungu miaka ijayo, maji na brashi laini vinatosha. Dawa za kung'arishia nguo na brashi za waya hula marumaru.

Piga picha ya jiwe, mbele na kwa mbali ili mahali patambulike, uipakie Find a Grave pamoja na rejimenti na kombania yake. Nakala ya jalada la pensheni ipeleke kwa kila tawi la familia, na nyingine maktaba ya kaunti. Kwenye bahasha ya nje andika majina yote mawili ya askari na jina la mjane, maana atakayekuja kuitafuta huenda anajua moja tu.